Safu Isiyo na Kichwa

Mimi ndiye niliyepiga hesabu. Msimtafute mwingine.
Jumanne, saa nne, umeme umekatika tena Nyakato,
jenereta inakohoa nyuma ya ghala,
inakunywa dizeli kama mgeni asiyejua kuaga,
na Mama Nyanjige kasimama mlangoni, simu mkononi:
"Mbuke, wavu mmoja hapa kwetu unanigharimu ngapi?"

Elfu arobaini na moja, nikasema.
"Hawa wa ng'ambo wanataka ishirini na sita. Mpaka mlangoni."

Mpaka mlangoni.
Nililipenda neno hilo. Nikalipigia mistari miwili, kwa rula.

Safu ya kwanza uzi. Ya pili umeme.
Ya tatu mishahara, watu thelathini na wanane.
Ya nne mashine na uzee wake.
Tulikuwa ghali. Sitadanganya kwa sababu leo nina huzuni:
tulikuwa ghali, na Jumatatu tulikuwa wavivu,
na Luhende alilala mchana juu ya marobota ya uzi
akiota kwa mshahara wa kampuni.
Shangazi zangu husema rahisi ghali,
lakini hawajawahi kulipa watu thelathini na wanane
siku moja, kabla ya saa kumi.

Kontena la kwanza lilifika Machi.
Nyavu zimekunjwa ndani ya nailoni kama mashuka ya bibi harusi.
Tulipiga makofi.

La pili lilikaa bandarini Dar siku thelathini na tatu,
likitozwa dola kwa kila siku ya kuota jua.
Nikaandika pembeni, kwa penseli.

La tatu lilikuwa na jicho la inchi tano.
Tuliagiza sita.
Nikatuma barua pepe. Siku ya nne wakajibu, kwa adabu nyingi:
samahani, oda ijayo tutawapunguzia.
Oda ijayo!
Kule Kayenze maofisa walishachoma nyavu mia mbili ufukweni,
moshi mweusi, wa kunata kooni,
na Bwire, mwenye mitumbwi minne, akaja ofisini.
Hakupiga kelele.
Aliweka risiti yetu mezani, akailainisha kwa kiganja,
akaondoka.
Naye nikamwandika kwa penseli. Jina, bila tarakimu.

Zamani jicho likikosea
nilitembea hatua ishirini hadi mashine ya tatu.
Luhende aliamka, akainama, akakaza nati moja,
akasema "haya, dada,"
na kosa likafia kwenye wavu mmoja.
Hatua ishirini zinaandikwa safu ipi?

Mashine tuliziuza kwa kilo.
Nilikuwepo, mimi na kikokotoo changu,
mshale wa mzani ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.
Tani moja na robo.
Chuma tu. Miaka ishirini na saba ya kujua fundo
haikusogeza mshale hata nywele.

Juzi nilimkuta Luhende mwaloni Kirumba,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anashona nyavu zetu za ng'ambo zilizochanika,
kwa fundo lile lile tulilomfundisha sisi.
Mia tano kwa tundu. Wanalipa wavuvi.
"Silali tena mchana," akaniambia, bila kuinua macho.
"Hilo nalo liandike."

Nimeliandika.
Nimechora safu ya tano, nikaiacha bila kichwa,
maana kila jina nililolijaribu lilikuwa fupi, au lilikuwa kilio,
na leja haipokei kilio.

Kwa wino: ishirini na sita.
Kwa wino na penseli: thelathini na tisa.
Bado tuko chini kwa elfu mbili.
Na Bwire bado hana tarakimu.

Mama Nyanjige amevuta kiti, amevua miwani.
"Niambie basi, Mbuke. Tulipata, au tulipoteza?"

Nje umeme umerudi. Hakuna kinachonguruma.

Nachonga penseli.